Kuhama Mtandao Bila Kubadili Namba

Hadi Februari 2005, aliyehitaji simu ya mezani Tanzania Bara hakuwa na pa kuchagua: haki ya kutoa huduma hiyo ilikuwa ya TTCL peke yake. Ukiritimba huo ulikoma, lakini wingi wa kampuni pekee hauleti ushindani. Mfikirie mnunuzi wa almasi wa Maganzo ambaye namba yake inajulikana kwa wachimbaji kwa miaka mingi. Iwapo kuhama mtandao kunamlazimu kuiacha namba hiyo, ataona afadhali kuvumilia huduma duni kuliko kupoteza wateja; nayo kampuni haitaona haraka ya kujirekebisha.

Kwa sababu hiyo, tangu tarehe 1 Machi 2017, mtumiaji wa simu ya mkononi ana haki ya kuhama mtandao na namba yake. Nenda na kitambulisho kwa kampuni unayohamia, si unayoiacha. Kwanza lipa madeni yako na utoe fedha zilizomo katika simu, kwa kuwa salio halihami pamoja na namba.

Ukizuiwa bila sababu ya msingi, ilalamikie kampuni husika. Usiporidhika, tuletee malalamiko yako.