Pua ya Mkulima na Chai ya Kijani

Wengi wetu tumezoea kuchuma majani ya kutengenezea chai nyeusi. Leo tuzungumze juu ya chai ya kijani, na jinsi ubora wake unavyopimwa kwa harufu.

Chai hizi mbili hutoka katika mche ule ule. Tofauti ni kazi ya kiwandani. Jani likipondeka, vimeng'enya vilivyomo huanza kulibadili rangi na harufu. Kwa chai nyeusi ndivyo inavyotakiwa. Kwa chai ya kijani, la! Majani hupashwa moto mapema ili vimeng'enya visifanye kazi. Wajapani hutumia mvuke. Wachina wengi huyakaanga katika karai.

Sasa harufu ni kitu gani? Ni chembechembe ndogo mno zinazoruka hewani kutoka katika chai. Wataalamu wametambua aina zaidi ya 200, lakini katika kilo moja ya chai kavu uzito wa zote pamoja haufiki gramu moja. Linaloli na geranioli hunukia maua. Heksenoli hunukia nyasi iliyokatwa sasa hivi. Pirazini hutokea kwa moto, nazo hunukia karanga za kukaanga. Maabara huzipima kwa mashine. Mwonjaji hutumia pua yake.

Hata wewe nyumbani waweza kujaribu. Kipimo cha kimataifa kilichotolewa mwaka 1980 ni hiki: gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji yanayochemka. Funika, ngoja dakika 6. Kisha funua, unuse majani yaliyolowa. Ukipata harufu ya maua, ya mboga iliyochemshwa au ya karanga, chai ni nzuri. Harufu kali ya nyasi mbichi, moto haukutosha. Harufu ya kuungua, moto ulizidi. Harufu ya mafuta yaliyochacha, chai imekaa mno au imehifadhiwa vibaya. Na ikinukia kama chai nyeusi, basi majani yaliharibika kabla ya kufika kwenye moto.

Kosa hilo la mwisho mara nyingi ni letu sisi wa shambani, na hakuna mashine ya kulirekebisha. Kwa hiyo, chuma majani mawili na chipukizi. Usishindilie kikapu. Kiweke kivulini, mbali na mafuta ya taa, sabuni na vitunguu, maana chai hunyonya harufu upesi. Majani yafike kiwandani siku hiyo hiyo.

Na kabla ya kupanga foleni ya mizani, tia mkono katikati ya kikapu. Ukikuta joto na majani mekundu, yameanza kuharibika. Yatenge. Ukiyachanganya, utaharibu jasho lako na la jirani yako pia.

Kwaherini, ndugu wakulima, mpaka kipindi kijacho.