Umeme wa Jua Katika Chuo Kikuu cha Strathmore

Chuo Kikuu cha Strathmore, kilichoko jijini Nairobi, nchini Kenya, kilianza mwaka 2014 kutumia umeme wa jua unaozalishwa juu ya mapaa ya majengo yake. Mitambo hiyo ina uwezo wa kilowati 600, kiasi ambacho huenda kikawashangaza wale wanaodhani bado kwamba umeme wa jua ni wa kuwashia taa mbili tatu za zahanati ya kijijini.

Chuo ni mahali panapofaa sana kwa umeme wa namna hiyo. Madarasa, maktaba, maabara na ofisi hutumia umeme mwingi mchana, saa zile zile jua linapowaka. Kwa hiyo umeme hutumika papo hapo unapozalishwa, bila ya gharama ya kuulimbikiza katika betri. Usiku, na katika siku za mawingu mazito ya mwezi wa Julai, ambazo wakazi wa Nairobi wanazifahamu vyema, chuo huhitaji umeme wa gridi ya taifa.

Lakini jua halina Jumapili wala likizo. Wanafunzi wanapokwenda makwao, paneli huendelea na kazi, na umeme usio na mtumiaji ni hasara. Kwa sababu hiyo chuo kilitia sahihi mkataba wa kuiuzia ziada Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini humo. Hivyo mteja akawa pia muuzaji.

Hapo ndipo penye utata. Msambazaji wa umeme ana nguzo, nyaya na transfoma za kutunza, na gharama hizo hazipungui kwa kuwa mteja mkubwa amejitegemea mchana, hasa ikiwa mteja huyo huyo atarudi jioni kudai umeme. Wenye mitaji wakijitoa kwa wingi, mzigo huo utawaelemea wapangaji wa vyumba, ambao hawana hata paa la kuwekea paneli.

Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 iliwaruhusu watumiaji kubadilishana umeme na gridi, ila kanuni zake zilitolewa mwaka 2024, miaka kumi kamili baada ya Strathmore kuwasha mitambo yake. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mzalishaji huhesabiwa uniti moja kwa kila uniti mbili anazoingiza kwenye gridi. Mwenye mitambo anaweza kuliona hilo kuwa ni punjo. Lakini ile uniti ya pili yafaa ihesabiwe kuwa ni malipo ya nguzo na nyaya anazozitegemea kila jua linapozama.