Unono wa Punda na Hatari Yake

Wasikilizaji, katika nchi ya Singida, toka Iramba hata Manyoni, punda ni miguu ya nyumba nyingi. Yeye huchukua maji kutoka kisimani, mtama na alizeti kutoka shambani, na magunia mpaka mnadani. Punda akilala, mzigo wake huwarudia mama na watoto. Kwa hiyo yatupasa kuyajua maradhi yake yasiyoletwa na mbung'o wala kupe, bali huletwa na chakula chenyewe.

Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Wazazi wake wa kale walikula majani makavu yasiyo na nguvu nyingi, nao walikwenda mwendo mrefu kuyatafuta. Mwili wake u hivyo hata leo: kila chakula kizidicho huwekwa akiba, kikawa mafuta. Watu wengi hudhani kwamba punda mnono ndiye punda mzima. Sivyo. Majira ya mvua majani ni tele, maji yako karibu na safari hupungua. Na mwenye huruma huongeza pumba juu yake. Ndipo mafuta hujaa mbavuni na shingoni, mpaka shingo ikafanya tuta gumu.

Ndani ya mwili mna kongosho, nalo hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho kazi yake ni kuiingiza sukari ya chakula katika nyama za mwili. Mwili wa punda aliyenona mno hauitii insulini sawasawa, basi kongosho huzidi kuitoa. Ikizidi katika damu, huharibu tabaka laini zishikazo ukwato kwenye mfupa. Kwato hupata moto, punda husita penye mawe, huegemeza uzito nyuma, au hulala muda mwingi. Asiyejua humwita mvivu akampiga, kumbe mnyama ana maumivu makali.

Je, tufanyeje? Kwanza, tumpimie chakula. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu zisihesabike kwa macho, lakini mkono uzipate upesi. Punda wa kilo 150 asiye na kazi nzito hutoshewa na kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, yaani mabua na nyasi kavu. Nafaka na pumba wapewe kidogo wale waliokonda kwa kazi, au kwa mimba na kunyonyesha. Majani mabichi ya mvua za kwanza ayazoee pole pole, akianza kwa muda mfupi kila siku. Maji safi na chumvi asikose.

Pili, mazoezi. Punda mnono mwenye kwato nzima na atembezwe kwa haraka nusu saa kila siku, hata siku isiyo na mzigo. Lakini mwenye kwato zenye moto asitembezwe kamwe. Awekwe penye mchanga laini, na afisa mifugo aitwe.

Tatu, nalo ni kubwa kuliko yote: usimfunge punda mnono kwa njaa ili akonde. Akikosa chakula kwa ghafula, mafuta ya akiba humiminika katika damu, ini hulemewa, naye aweza kufa kwa siku chache. Ndivyo iwavyo pia akiacha kula mwenyewe kwa sababu ya meno mabovu, safari ngumu, au kufiwa na mwenzake. Punda mnono asiyekula kwa siku moja tu ni mgonjwa. Mwite afisa mifugo siku ile ile, wala usingoje kesho. Chakula kipunguzwe kidogo kidogo, kwa miezi.

Wazee walisema, "Punda afe, mzigo ufike." Walakini mzigo wa leo ukifika na punda akafa, ule wa kesho utafikishwa na nani?