Sevisi ya Juu Ianze Karibu na Wavu

Mwalimu wa Kasulu au Kibondo anayeandaa timu ya mpira wa wavu kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hulazimika kuamua mapema: wanaoanza kujifunza sevisi ya juu wasimame wapi? Mazoea ni kuwapeleka nyuma ya mstari wa mwisho, mita 9 kutoka kwenye wavu, kwa kuwa ndipo sheria inapotaka wapigie. Mazoea hayo, kwa maoni yangu, huwakatisha tamaa wengi bure. Mtoto akiona wavu uko mbali hutafuta nguvu: anarusha mpira juu mno, anaukimbilia, kiwiko kinashuka na kiganja kinaugusa pembeni. Tena umbali hukuza kosa. Mpira uliopotoka kwa nyuzi 5 huwa umeacha njia kwa sentimita 26 baada ya mita 3, lakini kwa sentimita 79 baada ya mita 9. Kumbe mpira wenyewe una gramu 260 hadi 280 tu. Hautaki misuli, unataka kupigwa katikati, kwa kiganja kilichokazwa, mbele ya bega.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye kurusha. Anayetumia mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto, ashike mpira kwa kiganja cha kushoto mbele ya bega la kulia, aurushe upite kidogo tu urefu wa mkono wake ulionyooshwa, kisha asiupige. Auache uanguke. Wakati wa kiangazi vumbi la uwanjani litaonyesha ulipotua: ukiacha alama hatua fupi mbele ya bega la kulia, amerusha vema, ukitua nyuma ya kisigino, hakuna nguvu itakayouokoa. Hapo ndipo apewe ruhusa ya kupiga, akiwa kwenye mstari wa mita 3, na arudi nyuma hatua moja kila anapovusha mipira saba kati ya kumi.

Wapo watakaosema sevisi ya chini ni salama zaidi, maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kila sevisi inayokosewa huwapa wapinzani pointi. Ni kweli, na kwenye mechi za mwanzo mtoto aachwe apige ya chini. Lakini mpira huo hupanda taratibu na kumpa mpokeaji muda wa kujipanga, na timu isiyo na silaha nyingine itasomwa mapema. Wengine watalalamikia uhaba wa vifaa. Kurusha hakuhitaji wavu, na kwa kupiga inatosha kamba ya katani kati ya miti miwili, wanafunzi wakitazamana na kurudishiana: mpira mmoja, watu wawili.

Mwalimu, wiki ya kwanza usimpeleke yeyote kwenye mstari wa mwisho.