Chanjo ya Idete na Chanjo ya Gambia

Mama mmoja wa Kikwe ameuliza: utafiti ukirudiwa na jibu likatofautiana, ule wa kwanza ulikuwa uongo? Ndugu msikilizaji, tusikimbilie huko. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa Kolombia, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31 kwa watoto wa Idete, karibu na Ifakara. Mwaka 1995 Gambia wakapata 8. Je, zinapingana? Ile 31 ilikuwa kadirio. Ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 0 na 52. Nane imo humo humo! Sifuri nayo imo, jambo ambalo mwenye kushangilia hulipita haraka. Tena Gambia walichanjwa wasiotimiza mwaka. Idete, wa miaka 1 hadi 5. Baadaye Ifakara nako wakachanjwa wachanga: asilimia 2. Chanjo hiyo haikufika kliniki zetu.