Damu ya Nduguye

Kijana mmoja chuoni alituuliza: "Maalim, mtu akitiwa uboho wa nduguye, damu yake huwa ya nani?" Wenziwe wakacheka. Lakini swali lile si la kuchekwa, kwani limekwisha kuwatatiza wapelelezi na waganga.

Katika mwaka wa 2004, huko Alaska, Marekani, mtu alishambuliwa akavunjiwa heshima. Athari alizoziacha mhalifu zilipimwa vinasaba, zikalingana na za mtu aliyemo katika kumbukumbu za serikali. Kumbe siku ya tendo lile mtu huyo alikuwa gerezani! Ilipochunguzwa, ilibainika kuwa alipata kupandikiziwa uboho wa nduguye, na huyo nduguye ndiye aliyehukumiwa baadaye. Lau yule wa kwanza angalikuwa nyumbani amelala, nani angalisadiki kiapo chake?

Asili ya jambo hili ni kwamba damu hufanyika ndani ya uboho wa mifupa, kwa chembe ziitwazo seli shina. Mwenye saratani ya damu huuawa uboho wake mbovu kwa dawa kali, kisha hutiwa seli shina za mwingine. Zikishika, huzaa damu yenye vinasaba vya aliyezitoa. Nywele hubaki zake mwenyewe. Mate na utando wa shavu mara nyingi huchanganyika.

Huko Korea Kusini, mwaka wa 2008, maiti ya ajali ya barabarani ilipimwa. Damu ikasema ni mwanamke, ilhali mwili ni wa mwanamume. Figo ikashuhudia mwanamume. Bandama na mapafu vikashuhudia wote wawili. Marehemu alikuwa amepewa uboho na binti yake.

Nasi twaogopa zaidi habari ya nasaba. Uboho haufanyi mbegu za uzazi, basi mtoto azaliwaye baada ya matibabu ni wa babaye, wala si wa mtoaji. Lakini baba huyo akipimwa damu peke yake, cheti chaweza kumkana mwanawe wa halali, na nyumba ikavunjika bure.

Kwa hiyo aliyepata kupandikiziwa, hata ikiwa ni miaka mingi iliyopita, na amwarifu mpimaji kabla ya kutolewa chochote, ili achukuliwe nywele zilizong'olewa pamoja na mashina yake.