Daftari la Nyumbani na Umri wa Kuweka Jembe Chini

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikishaiacha Kilosa huingia katika bonde la Mto Mkondoa na kupinda pamoja na mto huo kati ya milima ya Usagara. Munisagara imo katika kipande hicho. Ni nchi ya jembe la mkono, yenye watumishi wachache wa umma: walimu, wahudumu wa zahanati, watendaji wa kijiji, na wazee waliowahi kulitumikia shirika la reli. Ukiwauliza watu wa huko ni lini wanatarajia kupumzika, utapata majibu ya namna mbili. Mtumishi hutaja mwaka. Mkulima hutaja kiungo cha mwili: mgongo ukikataa, magoti yakigoma, macho yakififia.

Makala haya yanahusu majibu hayo mawili na daftari linaloweza kuyakaribisha. Msomaji asishangae kuona jarida la afya likiandika habari za matumizi ya nyumbani. Fedha nyingi zinazokusudiwa kwa uzeeni huishia katika chumba cha wagonjwa, na maradhi mengi yanayomtoa mtu kazini kabla ya wakati huonekana kwanza katika hesabu za nyumba, miaka kadhaa kabla ya kuonekana hospitalini.

Tuanze na mtumishi, kwa kuwa hesabu yake imeandikwa katika sheria. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF iliondoa fao la kujitoa na kuweka fao la kukosa ajira, ambalo halikukusudiwa kwa mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo mwalimu anayetamani kupumzika mapema akiwa na miaka 48, kama tunavyosikia wafanyavyo baadhi ya watu wa Marekani na Ulaya, lazima ajue kwamba pensheni haitamfuata nje ya lango siku hiyo. Mapema yake halisi ni 55, akiwa ametimiza miezi 180 ya michango.

Usagara, kwa bahati mbaya, ni nchi inayojua gharama ya alama iliyowekwa kwenye karatasi isiyosomwa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita humu akikusanya alama za watawala wa wenyeji katika mikataba yake, na Februari 1885 Ujerumani ikazitumia karatasi hizo kutangaza himaya. Fomu ya kustaafu si mkataba wa Peters, lakini nayo inastahili kusomwa na kupigiwa hesabu kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Basi tupige hesabu. Kikotoo kilichoanza Julai 2022 huchukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora, hukizidisha kwa idadi ya miezi ya utumishi, kisha hukigawanya kwa 580. Hapo hupatikana pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo, ikizidishwa kwa miaka 12.5, na sehemu iliyobaki hulipwa kila mwezi. Mkupuo ulikuwa asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata 50, na hadi 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya msingi ana miaka 55, amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake bora ni shilingi 14,400,000 kwa mwaka. Kwa kikotoo cha asilimia 40 atapokea mkupuo wa shilingi 44,689,655 na pensheni ya shilingi 446,897 kila mwezi. Akivumilia hadi 60, kwa mshahara uleule, mkupuo utakuwa 52,137,931 na pensheni ya mwezi 521,379. Tofauti ya pensheni ni shilingi 74,482 kwa mwezi. Wengi huiona tofauti hiyo wakasema kustaafu mapema hakuna hasara kubwa. Wanaosema hivyo wamesahau mishahara ya miaka mitano ambayo haitaingia, na wamesahau pia kuuliza swali lililo upande wa pili wa mizani: nyumba yangu hutumia kiasi gani?

Swali hilo halijibiwi kwa kukisia. Tuseme daftari la miezi 12 linaonyesha kwamba nyumba hiyo, mazao ya shamba yakishahesabiwa, hutumia shilingi 620,000 taslimu kwa mwezi. Pensheni itapungukiwa na shilingi 173,103 kila mwezi, yaani 2,077,236 kwa mwaka. Ukiugawa mkupuo kwa upungufu huo, bila kuhesabu riba wala kupanda kwa bei, utaona kwamba unatosha kuuziba kwa miaka 21 hivi. Maana yake ni kwamba mkupuo si zawadi ya mwisho wa kazi. Ni mshahara uliolipwa mapema, unaopaswa kumfikisha mwenyewe miaka 76. Ukitumia nusu yake katika mwaka wa kwanza kwa kununua bodaboda tatu na kumalizia nyumba ya mjini, unabaki na miaka 10 na miezi kadhaa. Saa ya upungufu itapiga ukiwa na miaka 65, umri ambao hakuna atakayekuajiri tena.

Nchini Marekani mshauri wa fedha William Bengen aliandika mwaka 1994 kwamba mstaafu anayetumia takriban asilimia 4 ya akiba yake katika mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kadiri bei zinavyopanda, angeweza kudumu nayo miaka 30. Kutokana na hesabu hiyo watu wengi duniani hujiwekea lengo la kukusanya matumizi ya miaka 25 kabla ya kuacha kazi. Kanuni hiyo ilitokana na hisa na hati fungani za Marekani, na mtu wa bonde la Mkondoa asiibebe kama ilivyo. Hata hivyo imejengwa juu ya jambo moja lisilobadilika kwa mipaka ya nchi: anayeitumia lazima kwanza ajue matumizi yake ya mwaka mzima.

Sasa tufike kwenye mwili. Katika miaka ya 1990 mradi wa AMMP ulifuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya jirani na Kilosa. Uligundua kwamba vifo vitokanavyo na kiharusi miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vingi kuliko vya watu wa umri huohuo Uingereza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne akiwa na shinikizo la juu la damu, na takriban asilimia 9 wakiwa na kisukari. Hao ndio watu walio katikati ya kujenga nyumba, kusomesha na kuweka akiba. Kiharusi kikimwangusha mtu wa miaka 52, kinamstaafisha bila barua, na mara nyingi kinamstaafisha na mwenza wake pia, kwa kuwa lazima awepo wa kumgeuza, kumlisha na kumwogesha.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza daftari lenye nguzo tatu. Ya kwanza ni fedha: zilizoingia na zilizotoka. Ya pili ni mwili: kipimo cha shinikizo la damu cha kila mtu mzima wa nyumba, tarehe, na dawa zilizochukuliwa. Ya tatu ni siku: siku za kazi, siku za kuugua, siku za kuuguza, siku za msiba. Nguzo hii ya tatu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye siri nyingi. Mama anayetumia siku 40 kwa mwaka kumwuguza mkwe wake hakutumia shilingi hata moja katika nguzo ya kwanza, lakini nusu ekari ya ufuta haikupaliliwa. Nyumba inayoona fedha peke yake itasema mwaka ule mvua ilikuwa mbaya.

Nguzo ya kwanza na ya pili zikisomwa pamoja husema jambo ambalo mgonjwa mwenyewe halisemi akifika zahanati. Shinikizo la damu haliumi. Mtu hunywa dawa miezi mitatu, hujisikia vizuri, huziacha. Akiulizwa na mganga hujibu kwamba anameza. Daftari huonyesha mwezi wa Novemba hakuna dawa iliyonunuliwa, wala Desemba, wala Januari, na ukiangalia juu kidogo unaona sababu: ada, sare, mbegu. Mhudumu wa afya akioneshwa ukurasa huo hatamlaumu mgonjwa kwa uzembe. Ataona kwamba miezi ya njaa ya nyumba hiyo ndiyo miezi ya hatari ya moyo wake, na watapanga pamoja dawa ziwekwe akiba mwezi wa mavuno. Kipimo kinachofikia 140 kwa 90 au zaidi, baada ya kupumzika dakika tano ukiwa umeketi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa vilevile, hakitakiwi kusubiri mavuno.

Kuna kipimo kingine ambacho daftari hukitoa bila mashine. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, kwa kipimo kilichotumika kabla ya marekebisho ya mwaka 2025, nyumba ilihesabiwa kuwa imeelemewa na gharama za matibabu ilipotumia kwa afya zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote, na kwa kiwango kizito zaidi asilimia 25. Kila Desemba jumlisha nauli ya kwenda hospitali, dawa na chakula cha mgonjwa aliyelazwa, kisha linganisha na jumla ya mwaka. Ukikuta zaidi ya sehemu moja ya kumi, kustaafu mapema kusubiri. Bima ndiyo itangulie. Nyumba isiyo na mwajiriwa ilikuwa na CHF iliyoboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu hadi sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kumwingiza kila mkazi. Mtumishi anayekatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF aulize kabla ya kuaga, si baada: nani atabaki kwenye kadi, na wazazi wangu wataenda wapi?

Mkulima, je? Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote kama ile iliyoanza Zanzibar mwaka 2016 kwa waliofikisha miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Mkulima wa Munisagara hujistaafisha mwenyewe, na njia ya heshima ni kupunguza ekari kidogo kidogo kabla mgongo haujaamua. Mitiki huchukua miaka 20 hivi au zaidi kukomaa. Anayeipanda akiwa na miaka 35 anajiandikia barua ya mapumziko. Asiipande yote mahali pamoja. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika kwa miezi. Akiba iliyo katika shamba moja la bondeni ni akiba iliyowekwa mdomoni mwa mto.

Vikundi vya kuweka na kukopa, viwe VICOBA au vya jina jingine, vina asili katika mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Vina fadhila moja ambayo benki haina: vinamzoesha mtu kuona kitabu chake kikiandikwa mbele ya wenzake kila wiki. Udhaifu wao ni mgawo wa mwisho wa mwaka. Fedha ya miezi 12 humwagwa siku moja, na mara nyingi huishia katika sikukuu. Asiyetaka kuila ana nafasi ya kuihamishia katika vipande vya UTT, au, akifikisha shilingi 1,000,000, katika hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu.

Nani aliandike daftari? Waliandike wote wawili, mume na mke, kwa zamu za mwezi mwezi. Daftari linaloandikwa na mmoja ili kumhoji mwingine hufa kabla ya masika. Ni bora kila mmoja awe na kiasi kidogo ambacho hakiulizwi, kiandikwe tu “cha baba” na “cha mama”, kuliko kuwa na hesabu kamili iliyojaa uongo. Watoto wa kidato cha pili na kuendelea waruhusiwe kulisoma. Kijana aliyeona gharama ya wiki moja ya babu hospitalini huomba simu mpya kwa sauti ya chini. Ujumbe wa miamala ya simu usifutwe kabla haujanakiliwa, kwa kuwa tayari ni nusu ya daftari.

Mwezi mzuri wa kuanza ni Julai, mazao yakiwa yameingia na mwaka wa fedha wa Serikali ukianza. Ukurasa wa kwanza uandikwe majina ya wote wanaokula nyumbani humo, umri wa kila mmoja, na mwaka ambao kila mtu mzima angependa kuacha kazi nzito. Mume na mke waandike mwaka huo kila mmoja peke yake, kabla ya kuonyeshana.